Hakikini Habari, Walindeni Mabinti

Enyi wazazi wa Njinjo, na ninyi makungwi mnaowafunda mabinti zetu unyagoni, nisikilizeni! Neno linapita barazani na kisimani: chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, inaua kizazi. Wapo wanaomzuia binti asiende shule siku wauguzi wanapokuja.

Kumhofia mtoto si dhambi. Mtoto ni amana, na mzazi lazima aulize kinachoingia mwilini mwake. Dhambi ni kuuliza, kisha ukamkimbia mwenye jibu. Surat al-Hujurat imetuamuru kuihakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Basi tuihakiki hii.

Ndani ya sindano ile hamna kirusi hai. Mna ganda tupu la protini, linalouzoesha mwili kumtambua adui kabla hajaingia. Ganda haliwezi kuleta ugonjwa, na uchunguzi wa miaka mingi haukukuta kwamba linaleta utasa. Chanjo hii inatumika duniani tangu 2006, na hapa Tanzania imetolewa nchi nzima tangu 2018. Mwaka 2024 dozi mbili zikawa moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Miongoni mwa ushahidi uliofungua njia hiyo ni wa wasichana 930 wa Mwanza, watoto wa nchi yetu.

Japani iliingiwa na hofu mwaka 2013, ikaacha kuwahimiza wasichana wachanjwe. Ikachunguza, na mwaka 2022 ikarudi kuwahimiza. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyohakiki!

Madhara yapo, tusiyafiche. Mkono huuma, homa hupanda, kichwa hugonga, wengine huzimia kidogo. Mzio mkali ni nadra sana, na ndiyo sababu binti hukalishwa dakika 15 akiangaliwa.

Kinachoua kizazi ni saratani yenyewe. Mama anaona damu baada ya tendo la ndoa, anaona haya, ananyamaza. Maumivu ya nyonga yanapomzidi, ndipo anapelekwa Nangurukuru, kisha safari ndefu hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na mara nyingi muda umeshapita. Maelfu ya wanawake wa Tanzania hufa hivyo kila mwaka.

Mnasema chanjo inafungua mlango wa zinaa? Binti aliyejitunza mpaka ndoa anaweza kuletewa kirusi cha HPV na mume wake wa halali. Heshima yake haitamkinga. Chanjo itamkinga, akipewa mapema.

Kungwi, litie neno hili katika mafunzo yako. Sheikh, liseme Ijumaa. Baba, ingia kituo cha afya, muulize muuguzi mpaka moyo utulie. Na wewe mama uliyetimiza miaka 30, nenda ukapimwe mlango wa kizazi, kwa maana chanjo ya binti haikukingi wewe.

Hakikini, kisha wapelekeni mabinti wakachanjwe. Amana hiyo mtaulizwa.