Je, kumpenda mtoto ni kumpa kila dawa?



Leo tutafakari swali tusilolijadili sana kwenye vikao vyetu: mtoto akiwa hoi, tuna wajibu wa kumpa kila dawa iliyopo, hata ile isiyojulikana kama inasaidia?

Chukueni sepsisi. Maambukizi yanaingia, mwili unapambana nayo vibaya mpaka unaumiza viungo vyake wenyewe. Kwa kichanga, hali hubadilika ndani ya saa chache. Anahitaji antibiotiki haraka, na mara nyingi dripu na oksijeni. Sasa mtoto njiti huzaliwa na kinga kidogo, maana kingamwili nyingi za mama humfikia miezi ya mwisho ya mimba. Madaktari wakafikiri: kwa nini tusimwongezee? Ndiyo imunoglobulini hiyo, kingamwili zinazotolewa kwenye plazma ya maelfu ya watu waliochangia. Niliposoma habari zake mara ya kwanza nilifurahi kweli. Watu maelfu wasiomjua mtoto, na kinga yao inamwingia mshipani!

Tafiti ndogo za mwanzo zilitia moyo. Kisha ukaja utafiti mkubwa uitwao INIS, uliotoa matokeo mwaka 2011: vichanga 3,493, hospitali 113, nchi 9. Kwa kura, wengine walipewa imunoglobulini, wengine dripu isiyo nayo, na antibiotiki ziliendelea kwa wote. Kufikia umri wa miaka 2, waliofariki au kubaki na ulemavu mkubwa walikuwa asilimia 39 kundi hili. Kundi lile? Asilimia 39.

Rafiki yangu mmoja aliposikia alikasirika: hivi mtoto mgonjwa anapigiwa kura? Namwelewa, ila sikubaliani naye. Kura ingekuwa dhambi kama daktari angejua dawa inaponya halafu akamnyima mtu. Hapa hakuna aliyejua. Katekisimu, namba 2295, inadai ridhaa ya mhusika au wanaomsemea kihalali, na inakataza kumtia mtu katika hatari inayoweza kuepukika. Nadhani wazazi waliokubali, wakiwa katika saa zao mbaya kuliko zote, walitoa sadaka ambayo hatuiombei hata siku moja.

Na sadaka hiyo imefika mpaka mtaani kwetu. Mama mmoja wa jumuiya yetu alimzika mtoto wa wiki mbili. Hapohapo msibani mtu akamwambia, "Kuna dripu ya kinga, ni ghali, ila angeipata angepona." Jamani! Mama alibeba maneno hayo miezi mingi. Aliniambia, "Tungeuza hata shamba." Nikamweleza nilichosoma: watoto waliopewa hawakupona zaidi ya wenzao. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nirudie tena, polepole.

Kanisa halijamdai mama huyo shamba. Papa Pius XII, akizungumza na madaktari mwaka 1957, alifundisha kwamba kwa kawaida wajibu wetu ni kutumia njia za kawaida za kulinda uhai. Katekisimu namba 2278 nayo inaruhusu kuacha tiba zenye mzigo mkubwa usiolingana na matokeo yanayotarajiwa.

Lakini tusiligeuze fundisho hili kuwa kichaka cha kujifichia. Antibiotiki iliyokosekana zahanati usiku si "njia isiyo ya kawaida". Hiyo ni haki ya mtoto, na nikikasirika nakasirikia hapo, kwa sababu wapo wanaokufa kwa kukosa kitu kinachojulikana kabisa kuwa kinaponya.

Kuhusu imunoglobulini yenyewe, wapo wanaoihitaji kwelikweli. Kuna watoto wanaozaliwa wakiwa na miili isiyoweza kutengeneza kingamwili, nao huipata kila baada ya wiki 3 au 4, mara nyingi maisha yao yote. Plazma haichimbwi ardhini. Chupa anayotundikiwa mtoto asiyefaidika nayo, ili sisi wakubwa tujisikie tumefanya kitu, ilikuwa ya mtoto mwingine.