Anayerudi Hana Udhuru

Wapenzi wa gemu za video wana dai moja wanalolitoa kana kwamba halihitaji ushahidi: uamuzi una maana mara ya kwanza tu. Ukishaimaliza hadithi, ukajua nani anakufa na nani anasaliti, kuirudia ni kujiburudisha tu, maana hakuna tena la kuhofia, na pasipo hofu mtu hachagui, anafuata njia aliyokwisha kuizoea. Nionavyo mimi, dai hili limesimama kichwa chini miguu juu. Anayerudia mchezo hapunguziwi mzigo wa uamuzi. Anaongezewa, tena mzigo wa aina ambayo mchezaji mgeni hawezi kuubeba hata akitaka.

Tuchukue Mass Effect, bunilizi ya kisayansi ya kampuni ya BioWare ya Kanada, gemu tatu zilizotoka mwaka 2007, 2010 na 2012. Mchezaji huvaa uhusika wa Kamanda Shepard, na kumbukumbu ya maamuzi yake huhamishwa kutoka gemu moja hadi nyingine, hivi kwamba risasi iliyofyatuliwa katika ya kwanza huja kudaiwa katika ya tatu. Ndani ya galaksi ya hadithi hiyo wamo Wakrogani, jamii ya wapiganaji waliowahi kuasi. Ili kuwazima, wanasayansi wa Kisalariani walibuni ugonjwa wa vinasaba uitwao jenofeji, na jeshi la Waturiani likausambaza. Tangu hapo, katika kila mimba elfu moja za Kikrogani, ni kama moja tu inayoleta mtoto hai.

Katika sayari ya Virmire, Shepard anatumwa kulipua maabara ya adui ambamo inasemekana dawa ya jenofeji imepatikana. Wrex, Mkrogani aliyepigana bega kwa bega naye, anasimama kwenye maji ya ufukweni akiwa na bunduki na kuuliza kwa nini tumaini la watu wake liteketezwe. Anaweza kutulizwa, kama mchezaji amejijengea uwezo wa kushawishi au amekwisha kumtafutia deraya ya ukoo wake. Anaweza pia kuuawa, ama na Shepard mwenyewe ama na askari Ashley. Mgeni anayempoteza Wrex hapo ana utetezi wa zamani sana. Katika kitabu cha tatu cha maadili yake, Aristotle alisema kwamba tendo litokanalo na kutojua si la hiari, na kwamba dalili ya mtu kutolikusudia ni kuumia na kujuta baada yake. Mgeni huyo anajuta, na anaweza kusema bila unafiki kwamba yalikuwa majaliwa. Anayerudi hawezi kusema hivyo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini kwake mjukuu amezaliwa kabla ya babu: majuto yanamtangulia kwenye tendo, na akilitenda, amelitenda yakimtazama.

Hadi hapo mtu anaweza kujibu kwamba ujuzi basi ni baraka, kwani anayejua atawaokoa wote. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna uzi mmoja katika hadithi hii unaoonyesha upande mwingine, na ndio unaonifanya niipe Mass Effect uzito kuliko gemu nyingi zinazojisifu kwa uhuru wa kuchagua. Mordin Solus, mwanasayansi wa Kisalariani aliyeshiriki kuiboresha jenofeji isipoteze makali, anajiunga na Shepard katika gemu ya pili. Katika ya tatu anageuka na kutengeneza dawa, na ili isambae katika sayari ya Tuchanka hana budi kupanda mnara unaolipuka. Anakufa. Wengi wanaofika hapo hudhani hakuna njia nyingine. Njia ipo. Mordin anaweza kushawishiwa aiache dawa na kuishi, iwapo Wakrogani wanaongozwa na Wreav mpenda vita badala ya Wrex, na iwapo mwanamke wa Kikrogani aitwaye Eve amekufa pia. Wreav hushika uongozi kama Wrex aliuawa Virmire. Eve hufa kama data za utafiti wa dawa zilizokuwa katika gemu ya pili ziliharibiwa.

Mgeni anaweza kuangukia hali hiyo kwa bahati. Anayerudi kwa ajili ya Mordin hana budi kuipanga. Gemu mbili kabla, amwache Wrex afe pale ufukweni, naye akijua kwamba angeweza kutulizwa. Kisha afute data ambazo zingemponya mwanamke ambaye hadithi bado haijamtaja. Hakuna mgeni awezaye kutenda kosa hili. Linahitaji mtu aliyekwisha kuuona mwisho. Mwanafalsafa Leibniz alikaribia jambo hili mwaka 1710, alipokimaliza kitabu chake cha kuitetea haki ya Mungu kwa kisa cha jumba lenye vyumba visivyo na idadi, kila chumba kikiwa ulimwengu mmoja unaowezekana. Ndani yake Sextus wa Roma anaishi maisha tofauti chumba hadi chumba, na ulimwengu ulio bora kuliko yote ni ule ambamo anatenda uovu, kwa kuwa kutokana nao Roma itapata uhuru. Leibniz aliona faraja hapo. Mimi naona hati ya mashtaka. Aliyetembea vyumbani na kuchagua kimoja hawajibiki kwa tendo moja tu, anawajibika kwa chumba kizima na kila aliyelala mfu sakafuni mwake.

Pingamizi la haraka ni kwamba hakuna aliyekufa. Wrex ni picha na sauti, na faili la zamani linaweza kufunguliwa tena. Sawa, hakuna jinai hapa. Ila tunachopima ni nia ya mchezaji, na nia haihitaji maiti ili iwe nia. Mwaka 2020 mmoja wa waliozitengeneza gemu hizi alieleza kuwa kiasi cha asilimia 92 ya wachezaji walifuata njia ya wema, ingawa ile ya ukatili iliandikwa kwa bidii kubwa. Watu wanaojiona wakisukuma picha tu wasingeona haya kiasi hicho. Nao wasemao kwamba njia zote ziliandikwa na watungaji, hivyo hakuna uhuru, wanathibitisha zaidi ya wanachotaka: hata mpiga kura huchagua kati ya majina aliyoyakuta kwenye karatasi, na bado tunamuuliza kwa nini alimchagua huyu.

Pingamizi zito ni la tatu. Katika sayari ya Noveria, Shepard anamkuta malkia wa mwisho wa Rakni, viumbe walioitikisa galaksi nzima kwa vita, akiomba aachiwe. Mgeni anayemwachia anaweka amana bila dhamana yoyote. Anayerudi anajua kwamba malkia huyo hatamgeuka, na kwamba akimuua sasa, katika gemu ya tatu atakutana na malkia bandia, ambaye akiokolewa husaliti. Huruma imekuwa akiba ya benki. Nakubali: uaminifu wa aina ile unakufa kwa ujuzi, na hakuna njia ya kuufufua. Lakini kilichopotea ni fadhila moja, si uamuzi wenyewe. Tena hasara hiyo inaongeza nguvu ya hoja, kwa sababu inamnyang'anya anayerudi sifa za wema wake huku ikimwachia lawama zote za ubaya wake. Akimwachia malkia, hatupigi makofi. Akimuua Wrex kwa hesabu, hatuwezi kumwambia hakujua.

Na hesabu hiyo si ngeni ndani ya hadithi yenyewe. Mordin, anapoitetea jenofeji katika gemu ya pili, hasemi kwamba Wakrogani ni waovu. Anasema wakokotozi walipiga hesabu za siku zijazo, wakajaribu uwezekano mmoja baada ya mwingine, na kila pasipokuwa na jenofeji palikuwa na vita. Alifanya kazi ya mchezaji anayerudi: alitembelea vyumba, akachagua kimoja, na wasiozaliwa wakawa gharama. Kupanda kwake mnara ni kuikataa hesabu hiyo kwa mwili wake. Kwa hiyo mchezaji anayemwokoa kwa kumtoa kafara Wrex na Eve anampenda Mordin kwa hoja zile zile ambazo Mordin alikuwa tayari kufa ili azifute, na Mordin anayemzuia asipande mnara ni yule ambaye bado hajazikana.