Kufunika Kichwa Makindu

Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, ukishapita Sultan Hamud na Emali, unafika Makindu, na kando ya barabara kuu unaiona bendera ya rangi ya machungwa ikipepea juu ya mlingoti mrefu. Abiria wengi husema hapo ni hekalu la Wahindi. Ni gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, iliyojengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi kwenye reli. Hakuna mungu wa kuchongwa ndani yake. Kuna Kitabu.

Mimi ni mwenyeji wa mji wa Wote, nimelelewa katika kanisa la AIC, na ibada ya Jumapili niliiacha zamani. Kuomba sijaacha. Naomba nikiwa na jembe mkononi, naomba mvua ya Novemba inapochelewa, naomba nikimuuguza mtu. Ila ninayemwomba siwezi kusimama mbele ya watu nikamkiri kwa maneno ya ungamo lolote nililofundishwa. Kwa hiyo kila ninapovua viatu Makindu, nikanawa mikono na kujifunga kitambaa kichwani, swali lile lile hunipata: mtu asiye wa dini hii, na ambaye hata ile yake haishiki, anaingia humu kama nani?

Ukumbini watu huketi chini, juu ya mazulia. Kitabu, Guru Granth Sahib, kimelazwa mahali palipoinuliwa, chini ya kitambaa kilichotandazwa kama paa, na anayekihudumia hukipepea kwa usinga. Tangu mwaka 1708, Guru wa kumi, Gobind Singh, alipofariki, Masingasinga hawana mwalimu mwingine wa kibinadamu. Guru wao ni hicho Kitabu. Wanaoingia hukiendea, wakapiga magoti na kugusa sakafu kwa paji la uso.

Mimi sipigi magoti. Rafiki yangu mmoja aliona huo ni ukaidi. Aliniuliza: kama sote tunamwomba Mungu mmoja, kuinama kunanipunguzia nini? Lakini kwa wale wanaoinama, kile ni kiapo. Wamejitoa kwa neno lililomo humo, liwaongoze katika ndoa, biashara na mazishi. Mimi sijajitoa. Nikiiga umbo la kiapo chao kwa sababu limenipendeza, nitakuwa nimelichukua kama pambo. Nafunika kichwa kwa moyo mkunjufu, naketi, nasikiliza nyimbo zao kwa lugha nisiyoijua, na humo ukumbini nafsi yangu hutulia kweli. Kusujudu nawaachia wenyewe.

Nyanya yangu mzaa mama, aliyetoka Kitui, ndiye aliyenifundisha hivyo, ingawa hakuwahi kusikia habari za Punjab walikotoka Masingasinga. Kijijini kwao palikuwa na ithembo, mti mkubwa wa mumo ambapo wazee, wanaume kwa wanawake, walipeleka sadaka ya kuombea mvua. Yeye alikuwa amebatizwa, na sadaka hakupeleka tena. Hata hivyo hakuvunja tawi pale, wala hakuturuhusu watoto kuokota kuni chini ya mti ule. Kanisani waliambiwa ni mahali pa shetani. Yeye alipita kimya, na kwa adabu.

Baada ya ukumbi huja chakula. Desturi hii, langar, ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, katika nchi ambamo watu wa tabaka tofauti hawakula pamoja. Alitaka wote waketi kwa mstari mmoja na kula chungu kimoja. Makindu unapewa dengu, mboga, wali, chapati na chai ya maziwa, bila nyama na bila malipo, uwe dereva wa lori au mwenye gari la kifahari. Hakuna anayekuuliza dini yako. Kwetu Ukambani, ambako mwolyo, chakula cha njaa, hugawiwa kwa orodha ya majina na kwa foleni, sahani isiyo na orodha ni jambo zito. Reli yenyewe ilipita nchi hii mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati njaa ya Ngomanisye na ndui vikiwamaliza watu wetu. Walioletwa kutoka Bara Hindi kuijenga walizidi 30,000, na takriban 2,500 kati yao walikufa. Mahali penye kumbukumbu kama hizo, kumlisha mpita njia ni ibada hasa.

Mama yangu hapendi nile huko. Hunitajia Wakorintho wa kwanza, sura ya nane, habari za vyakula vya sanamu. Humjibu, "Mama, hakuna sanamu pale," naye hunyamaza kidogo, kisha anauliza jambo ambalo Paulo hakuliuliza: "Na wewe, mwanangu, hiyo imani yako ya peke yako inampikia nani?"

Hapo ndipo nashikwa. Kule Makindu unga unakandwa alfajiri kwa sababu kuna watu waliofungwa na agizo, na zamu, na jumuiya, hata siku ambayo hawajisikii kuwa karibu na Mungu. Maombi yangu ya shambani ni ya kweli, nayatetea, lakini hayana zamu. Sasa nikishakula huenda nyuma kuosha sahani, maana kazi hiyo, sewa, haimtaki mtu ungamo. Mgeni na mwenyeji hushika sabuni ile ile. Pale, kuliko ukumbini, ndipo ninapojua nimeingia kama nani.

Mama anasema kama ni sahani, hata kanisani zipo, na akina mama hupungukiwa na mikono kila penye matanga. Ana haki. Nimemwambia nitakuja kupika, ila kusimama na kukiri imani bado siwezi. La kwanza amelipokea. La pili anaendelea kuliombea, nami sijamkataza.