Kwenu ni wapi? Mugeni, mwenyeji na mwananchi

Katika muji wa Lubumbashi kijana hawezi kukomaa bila kuulizwa: "Kwenu ni wapi?" Akijibu "Kamalondo" ao "Kenya," wanacheka na kumuuliza tena: "Hapana, kwenu kabisa?" Hata karatasi za leta ziko na ulizo hilo: jimbo la asili, teritwari, sekta. Mutoto aliyezaliwa hapa, na baba yake vilevile, anaandika jina la mugini ambao hajauona hata siku moja. Basi ulizo letu ni hili: ni kitu gani kinamufanya mutu kuwa mwenyeji? Ni damu, ni tarehe, ao ni kitu kingine?

Tuanze na tarehe. Sheria ya 1972 iliwapa uraia, wote kwa jumla, watu wenye asili ya Rwanda-Urundi waliokaa Kivu tangu mbele ya 1950. Kisha sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikafuta jambo hilo: Muzaire wa asili alipaswa kuwa na babu wa kabila lililokuwa ndani ya inchi tarehe 1 Agosti 1885. Watu walilala wananchi, wakaamuka wageni, na hawakuhama hata nyumba.

Sasa tutazame Katanga yetu. Mwaka huo wa 1885, Msiri alikuwa akitawala Bunkeya, na wajumbe wa Leopold II hawakuwa wamefika kwake bado. Msiri alitoka Unyamwezi, ambayo leo iko ndani ya Tanzania, katikati ya karne ya 19, kwa ajili ya shaba na pembe. Utawala wake haukuwa wa upole, Basanga walimuasi. Aliuawa Desemba 1891 na watu wa Leopold. Leo Bayeke wako na mwami wao Bunkeya, wengi wanasema Kisanga, na hakuna mutu anayewaita wageni. Ni vema hivyo. Lakini kama sheria ingeandika 1840 pahali pa 1885, wangebaki inje. Tarehe haituambii mutu ni nani. Inatuambia tu nani alishika kalamu.

Wengine walikuja kwa njia ya reli. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilikosa mikono. Ikatafuta watu Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Rwanda-Urundi na Kasai. Katika 1928 reli ya kutoka Bukama ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, na njia ya Kasai ikawa nyepesi. Wengi waliitwa, hawakujileta. Walichimba shaba, wakazaa, wakazika wafu wao hapa. Lakini kuanzia Agosti 1992 maelfu na maelfu yao walifukuzwa. Kwenye gare ya Likasi jamaa nzima zililala inje zikingojea treni. Na hao walikuwa wananchi wa inchi moja na sisi! Aliyekuja na bunduki amekuwa mwenyeji. Aliyekuja na sururu amebaki mugeni. Hii ni haki gani?

Najua mwenyeji naye yuko na kilio. Udongo ni wa mababu. Mukoloni alipendelea kabila hili kuliko lile katika kazi na masomo, akapanda wivu kati yetu. Mutoto wa Katanga aliyeona nafasi nzuri zimeshikwa na wengine hakuota ndoto. Lakini dawa ya kazi isiyogawanywa vizuri ni kugawanya kazi vizuri. Kumufukuza jirani hakufungui kiwanda hata kimoja.

Wengine wanasema: "Akae, lakini aache mambo ya kwao." Kiswahili chetu kinawajibu. Hakikuwa lugha ya wenye udongo wa hapa. Kilikuja na wafanya biashara wa mashariki, kikakomaa makambini, kikachukua maneno ya Kibemba, ya Kiluba na ya Kifaransa. Hakuna aliyelazimika kusahau lugha ya mama yake ili akiseme. Kila mutu alileta kitu chake mezani, na wote wakala.

Wazee walisema: mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Tunapenda kuitumia mezali hii kumuhayisha mugeni mvivu. Lakini inafunga pande mbili. Anayetoa jembe lazima aonyeshe na shamba. Mugeni anapaswa kulima, kujifunza lugha, kuheshimu makaburi na chifu wa pahali. Mwenyeji naye anapaswa kumuhesabu kati ya walimaji. Kama mutu amelima miaka makumi tatu na tungali tunamuuliza kwao ni wapi, ni sisi tumevunja mezali.

Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ilisogeza mupaka mupaka uhuru wa 1960, na Katiba ya 2006, kifungu cha 13, inakataza kumubagua Mukongomani juu ya asili ya jamaa yake ao pahali anapokaa. Karatasi ni nzuri. Roho ndiyo ingali nyuma. Kwa hiyo sisi wazazi na walimu tuwafundishe watoto majibu mawili: kutaja asili yao bila haya, na kusema "hapa ni kwetu" bila woga. Atakayesikia majibu hayo na asicheke, huyo ameelewa maana ya kuwa mwananchi.