JE, ASIYETAKA KUJUA ANA UDHURU?

Kila aliyesoma fiqhi ya Imam Shafi katika vyuo vya pwani yetu amepita katika mlango wa maji, na humo amekutana na mas-ala ya maji yaliyopashwa moto na jua. Maji hayo ni tahiri na yanatahirisha. Hata hivyo wanazuoni wengi wa madhehebu yetu wameyahesabu kuwa ni makuruhu kutumiwa mwilini, kwa masharti yao: nchi iwe ya joto, na chombo kiwe cha madini yenye kufulika kwa nyundo, kama shaba na chuma, si cha dhahabu wala fedha, wala cha udongo. Sababu waliyoitaja ni kwamba ukali wa jua hutoa katika chombo kitu mfano wa utando, kikaelea juu ya maji, nacho kikakhofiwa kuleta mbalanga.

Wanafunzi huyahifadhi masharti haya na kuyapita. Lakini hebu tuangalie ni swali gani walilouliza mashekhe wale. Waliuliza: chombo chakipa nini kile kilichomo ndani yake? Na Imam Shafi mwenyewe, aliyekufa mwaka 820, hakuyachukia maji hayo ila kwa upande wa utabibu. Baadaye akaja Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 1277, naye katika Majmuu yake akaona kuwa ukaraha huo hauna dalili ya kutegemewa, si katika hadithi wala katika utabibu, basi akauondoa. Katika khitilafu yao tunapata mafunzo mawili. La kwanza, kitu chaweza kuwa tahiri na bado sharia ikauliza kuhusu madhara yake. La pili, kama madhara yapo au hayapo huulizwa wajuzi wa jambo hilo, na hukumu hufuata yaliyothibiti.

Swali hilo leo limo jikoni mwetu. Sufuria nyingi zinazouzwa sokoni huyeyushwa na mafundi katika karakana ndogo, kwa vyuma chakavu vya alumini: vipande vya injini, rejeta, mikebe, na kila kilichookotwa. Katika mchanganyiko huo huweza kuingia risasi. Hatukusudii risasi ya bunduki, bali yale madini mazito yaliyomo katika betri za magari na katika lehemu. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza khabari za sufuria za namna hii zilizotengenezwa Kameruni, na mwaka 2017 wakatangaza khabari za vyombo 42 kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwamo. Njia yao ya kupima si ngumu kufahamika. Chombo hutiwa maji yenye asidi ya siki, sehemu 4 katika 100, kikachemshwa kwa saa mbili, kama uchemkavyo mchuzi wa nyanya, ndimu au ukwaju. Kisha maji yale hupimwa kwa mashine, ijulikane yamechukua nini katika chombo. Zaidi ya thuluthi ya vyombo vile vilionekana kuwa na khatari ya risasi.

Sisi tumezoea kuyajua maji yaliyoharibika kwa alama tatu: rangi, ladha na harufu. Risasi iliyotoka katika sufuria haibadilishi hata moja katika hizo. Mpishi aonja, na mchuzi ni mtamu. Na Shirika la Afya Duniani lasema kuwa hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama, na kwamba mtoto mdogo hunyonya mwilini mara nne au tano zaidi ya mtu mzima katika ile aliyoimeza. Mtoto haanguki mezani. Hudhurika ubongo kidogo kidogo, akawa mzito wa kufahamu na mwepesi wa kughafilika. Mzazi akamlaumu mwalimu, na mwalimu akamlaumu mtoto. Watu wa Mombasa wamekwisha kuyaona mambo ya risasi katika mtaa wa Owino Uhuru, ambako palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliwahukumia wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha mwaka 2024. Huko moshi na vumbi vilionekana kwa macho. Cha jikoni hakionekani.

Sasa lije swali la dhamiri. Fundi aliyeyeyusha sufuria hakukusudia kumdhuru mtu. Mwenye duka hakujua. Je, wana makosa?

Sote twaijua khabari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akakuta chungu ya nafaka. Hakutosheka na juu yake. Alitia mkono ndani, vidole vyake vikapata umajimaji. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume hakumkadhibisha, lakini alimuuliza mbona hakuuweka ule uliolowa juu, watu wakauona. Twaona hapa kuwa aibu ya bidhaa, hata isiyoletwa na muuzaji, ni juu yake kuidhihirisha.

Huenda mtu akasema: yule aliijua aibu ya mali yake, na fundi wetu haijui. Kweli. Na asiyepata khabari hana dhambi. Lakini fiqhi imepambanua baina ya dhambi na dhamana: aliyeharibu kwa kukosea husamehewa dhambi, wala hasamehewi kulipa. Na yuko mwengine, ambaye khabari imemfikia, na njia ya kupima anayo, naye asema, "Usiniambie, nisije nikashindwa kuuza." Huyu si mjinga. Huyu ameununua ujinga ili aupate faida, na twaona kuwa udhuru wake haufai.

Wapo wasemao kuwa mama zetu wamepikia vyombo na wameishi. Twawajibu kwamba wazee wetu wa zamani walipikia vyungu vya udongo, na kuishi si ushahidi wa kutodhurika. Wapo pia wasemao kuwa tutamkatia maskini riziki yake. Hili ni neno zito, wala halifai kupuuzwa. Fundi hawezi kumiliki maabara, wala mama muuza viazi hawezi kununua sufuria ya bei kubwa. Ndiyo maana twasema kuwa upimaji huu ni fardhi ya kifaya: wasipoutimiza baadhi yetu, lawama ni ya mji mzima, na kwanza ya wenye mali na wenye elimu. Tunachimba visima kwa wakfu. Basi na tutoe katika wakfu gharama ya kuzipeleka sufuria za mafundi wetu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na Shirika la Viwango zikapimwe. Na fundi asaidiwe kupata alumini safi, atenge betri, rejeta na kila chenye lehemu visiingie katika tanuri. Zikitoka safi, aambiwe na asifiwe, kama Imam Nawawi alivyoliondoa lisilothibiti. Zisipotoka safi, yasemwe hadharani.

Wakati huo huo, nyumba zetu zisilaze mchuzi mkali ndani ya sufuria hizo usiku kucha.

Mtume alitia mkono katika chungu ya nafaka kwa sababu jicho halikutosha. Maabara ni mkono huo, nao leo unafika ndani zaidi. Aliyeweza kuunyoosha akaukunja, na ajitayarishe kuulizwa. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuafikisha.