Uso wa Chombo ni Mali ya Nani?

Mhunzi akiisha kuliuza jembe harudi usiku shambani kwa mkulima kulibadili mpini. Programu ya simu haifuati desturi hiyo. Mtu hulala akiijua, akaamka na kuikuta ina uso mwingine, na aliyeubadili hakubisha hodi. Je, uso wa chombo ni mali ya aliyekiunda, au ya aliyetaabika kujifunza kukitumia?

Mwezi wa Septemba 2013 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa iOS 7, mfumo mpya wa simu zake. Kabla ya hapo daftari la simu lilichorwa mfano wa karatasi ya njano yenye mistari, vitabu vilipangwa juu ya rafu ya mbao, na vitufe vilitiwa vivuli hata vikaonekana vimeinuka. Jony Ive na wenzake waliyafuta hayo: rangi zikawa bapa, herufi zikawa nyembamba, na vitufe vingi vikabaki maneno matupu. Wengi walisifu, wala hawakukosa sababu. Karatasi ile na rafu ile vilikuwa kumbukumbu za ofisi na maktaba ambazo watumiaji wengi duniani hawakupata kuziingia, na picha ya kitu humfaa yule tu akijuaye kitu chenyewe.

Walakini kivuli cha kitufe hakikuwa pambo. Kilimwambia mtu, "Bonyeza hapa." Kilipoondolewa, kijana alipapasa akapata, mwenye macho hafifu alisita, akajidhani mjinga. Mwezi wa Machi 2014, katika iOS 7.1, uliongezwa mpangilio wa kuyarudisha maumbo ya vitufe kwa atakaye. Dawa ilikuja baada ya maradhi, tena ikafichwa ndani ya kabati ambalo mgonjwa ndiye wa mwisho kulijua.

Wabunifu hujitetea kwa miongozo, kana kwamba miongozo yote ni sawa. Ule wa shirika la W3C hutaka maandishi ya kawaida yapambanuke na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Huo umejengwa juu ya jicho la binadamu, na jicho halibadiliki kila msimu. Mwongozo wa kuviringa pembe za kitufe umejengwa juu ya ladha. Google ilitangaza Material Design mwaka 2014, na kufikia 2021 ilikuwa imekwisha kuivika vazi jingine. Anayevunja mazoea ya watu kwa ajili ya mwongozo wa kwanza ana hoja. Wa pili humpa ruhusa ya kujipendezesha tu.

Mwaka 2018 Snapchat ilipobadili sura yake, watu zaidi ya milioni moja walitia sahihi ombi la kurudishiwa ya zamani. Hao walijua pa kulalamikia. Yule aliyeshindwa kuiona njia mpya, akaiweka simu chini na kumwita mjukuu, hakutia sahihi popote.