Picha Iliyofunikwa

Jumapili hii ya tano ya Kwaresima mtakuta misalaba imefunikwa kitambaa cha zambarau, na swali litakuwa lilelile la kila mwaka: mbona Padre anatuficha Bwana wakati tunamhitaji zaidi?

Jibu nitalianzia mbali, Tibet. Wabudha wa huko wana picha za ibada ziitwazo thangka. Kitambaa cha pamba hupakwa chokaa iliyochanganywa na gundi, kikasuguliwa mpaka kikawa laini. Mchoraji hachori apendavyo. Umbo la Budha lina vipimo vilivyorithiwa, naye huvifuata mstari kwa mstari. Macho huyaacha mwisho kabisa. Nyuma ya kitambaa, asikofika mtazamaji, huandikwa silabi 3, Om, Ah, Hum, zikikaa sawasawa na paji la uso, koo na moyo wa umbo la mbele. Jina la mchoraji kwa kawaida halipo.

Halafu, baada ya jasho lote hilo, picha huviringishwa kama mkeka ikawekwa. Hata ikitundikwa, mara nyingi huwa na pazia la hariri. Kule Lhasa, katika sikukuu ya Shoton, watawa wa monasteri ya Drepung hutandaza thangka kubwa mno mlimani asubuhi, mahujaji wakiwa wamekwisha kupanda gizani kuingoja.

Sisemi tusadiki wanayosadiki. Ila kwa adabu ya kutazama, wametupita.

Na huku kwetu adabu hiyo ilikuwepo. Wanaokwenda kwenye sikukuu ya ngoma ya Bulabo pale Bujora, Usukumani, wamewaona wacheza nyoka na chatu wao. Chama cha wayeye, yaani hao wacheza nyoka, kilikuwa na nyumba za kufundishia wanachama wapya, zenye michoro ukutani kwa ndani. Hans Cory, mtafiti wa serikali ya kikoloni, aliitolea kitabu mwaka 1953. Hukuingia humo kupitisha muda. Uliingia kufundwa, na picha ilikuwa na mtu wa kukueleza.

Sisi Bwana tumembandika kila mahali: kioo cha nyuma cha daladala, kava la simu, kalenda juu ya televisheni. Nimeona stika ya Moyo Mtakatifu wa Yesu imebandikwa kwenye mizani ya dagaa ambayo, kwa minong'ono ya wateja, haijapata kusema kweli. Muuzaji haoni tena ile stika. Wala mimi sioni zangu.

Ndiyo maana ya zambarau. Ijumaa Kuu msalaba utafunuliwa kwa hatua 3: kwanza sehemu ya juu, kisha mkono wa kulia, mwisho wote. Njooni mapema, simu zibaki mfukoni.

Wiki hii, mwenye picha takatifu sebuleni aigeuzie ukutani au aifunike kwa kanga hadi Mkesha wa Pasaka. Watoto wakiuliza, waelezeni, msiwafukuze. Wagonjwa na wazee wanaosali wakiitazama picha yao waiache ilivyo.